Baba mdogo anachukua pesa za Black Panther 3 na mimi naona filamu haipo. Nimwambieje?

Mtafsiri_wa_Busia

Hamjambo wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri wa haraka, na mnijibu mkijua kwamba mtu ninayemzungumzia namheshimu sana.

Mimi ni VJ. Natafsiri filamu kwa Kiswahili kwenye kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda. Kibanda ni cha baba mdogo, na ndiye aliyenishikisha maikrofoni nilipomaliza shule. Wateja wetu ni watu wa boda, wabeba mizigo wa mpakani, vijana wa sokoni na madereva wa malori wanaosubiri karatasi zao zipite. Wengi wao Kiganda kinawapiga chenga, ndiyo maana Kiswahili kina soko hapa. Kiingilio cha kawaida ni shilingi elfu moja.

Sasa kuna trela, yaani kile kipande kifupi cha kutangaza filamu, inazunguka WhatsApp. T'Challa, yule mfalme wa Wakanda kwenye filamu za Black Panther, amezeeka, ana ndevu nyeupe, amekaa kwenye kiti cha enzi. Halafu anaingia Denzel Washington na mkuki. Mwisho zinatokea herufi za dhahabu, Black Panther 3, na tarehe ya mwezi ujao. Baba mdogo ameiamini moja kwa moja. Jumamosi aliiweka kwenye projekta kabla ya mechi, watu wakapiga kelele mpaka mabati yakatetemeka, na papo hapo akatangaza kwamba anayetaka siti ya mbele alipe elfu tano mapema. Daftari limeshafunguliwa, lile la mistari la watoto wa shule. Kuna majina, namba za simu, na alama ya vema kwa aliyelipa.

Mimi roho haijatulia. Ile sauti ya Denzel naijua. Ni maneno ya filamu yake ya zamani ambayo nimeitafsiri mara nyingi mpaka najua anapovuta pumzi. Na wale askari wa kike wa Wakanda waliomo kwenye trela, mikuki yao inarefuka na kufupika kila picha inapobadilika.

Naomba kujua: hii filamu ipo kweli? Kama ipo, itatoka lini? Na kubwa zaidi, nimwambieje mzee bila kumwaibisha mbele ya wateja?

Stendi_ya_Malaba

Kaka, mimi kama Denzel yumo nalipa hata elfu kumi. Usituharibie.

Shabiki_wa_Ntinda

Mtafsiri, masikio yako hayakukudanganya. Trela hiyo ni ya kutengenezwa. Nitaeleza kirefu kwa sababu nimekuwa nikifuatilia habari za filamu hii tangu ya pili ilipotoka, na inaniuma kuona watu wa kipato kidogo wakilipia kitu kisichokuwepo.

Kwanza T'Challa. Chadwick Boseman, aliyemwigiza, alifariki Agosti 28, 2020. Desemba mwaka huohuo Kevin Feige, bosi wa Marvel, studio inayotengeneza filamu hizi, alisema hadharani kwamba hawatamtafuta mtu mwingine wa kuvaa nafasi hiyo. Mwongozaji, Ryan Coogler, alikuwa ameshaandika hadithi ya T'Challa na mwanawe, ikabidi aiweke kando aanze upya, na ndipo ikapatikana filamu ya pili, Wakanda Forever, inayoanza na msiba wenyewe. Kwa hiyo yeyote anayekuletea T'Challa mwenye mvi na sura ya Boseman amechukua uso wa marehemu akauchezea kwa kompyuta. Mimi nasema ni ukosefu wa adabu kwa mtu aliyefanya kazi ile akiwa mgonjwa, bila hata wengi wa wenzake kujua.

Pili, Denzel. Hapa kuna ukweli kidogo, na ndiyo maana uongo umeshika. Novemba 2024, akiwa kwenye mahojiano ya televisheni ya Australia, Denzel alisema Coogler anamwandikia nafasi kwenye Black Panther ya tatu. Habari ikatoka mdomoni mwake kabla ya Marvel kutangaza lolote. Baadaye, mwishoni mwa 2025, Coogler mwenyewe alithibitisha kwamba hiyo ndiyo filamu yake inayofuata. Zingatia neno "anaandikiwa". Mtu anaandikiwa nafasi wakati filamu bado iko kwenye karatasi.

Sasa piga hesabu na mimi. Filamu ya kwanza walirekodi kuanzia Januari hadi Aprili 2017, ikaingia sinema Februari 2018. Ya pili walianza Juni 2021, Letitia Wright, anayeigiza Shuri, dada wa T'Challa, akaumia Agosti wakati wa kurekodi kipande cha hatari huko Boston, kazi ikasimama Novemba ili apone, wakarudi Januari 2022, wakamaliza Machi. Ikatoka Novemba 11, 2022. Umeona? Hata kamera zikishazimwa, kunabaki miezi minane au kumi ya kukata picha, kujenga Wakanda kwenye kompyuta, muziki na sauti. Filamu ambayo mwongozaji ndiyo kwanza anasema "inayofuata" haiwezi kufika Busia mwezi ujao. Haiwezekani kabisa.

Na tarehe yenyewe, hata ikitangazwa na wenyewe, usiichonge kwenye jiwe. Blade, filamu nyingine ya Marvel, ya mwigizaji Mahershala Ali, ilitangazwa Julai 2019. Ikapewa tarehe, ikasogezwa, ikapewa nyingine, waongozaji wawili wakaondoka, na Oktoba 2024 ikatolewa kabisa kwenye ratiba. Avengers: Doomsday, nayo ya Marvel, ilikuwa itoke Mei 1, 2026, wakaisogeza hadi Desemba 18, 2026.

Trela za namna hii ni biashara ya watu. Machi 2025 YouTube ilizikatia pesa za matangazo chaneli mbili kubwa zilizojulikana kwa kazi hiyo, Screen Culture na KH Studio. Ukitaka kuhakikisha, nenda kwenye chaneli ya Marvel yenyewe. Trela isipokuwa pale, haipo.

Mwenye_Kibanda_Arua

Namtetea huyo mzee kidogo. Sisi wenye vibanda tunakusanya pesa mapema kila mwaka kwa fainali ya mabingwa wa Ulaya. Bila hivyo huwezi kukodi jenereta ya akiba wala kuongeza viti. Hana nia mbaya, amefanya alivyozoea kufanya kwa mpira.

Tofauti ni kwamba mpira una siku yake na saa yake, na usipoonyesha unawarudishia watu usiku uleule. Hapa hakuna siku. Hizo elfu tano zitakaa kwa nani mwaka mzima? Zitaliwa. Najua, kwa sababu kodi ya ukumbi haisubiri na umeme hausubiri. Mwambie afunge daftari kabla hajaigusa pesa hiyo.

Afande_Mstaafu_Bombo

Kijana, nimetumikia miaka mingi na kesi zilizonichosha ni hizi zinazoanza bila nia mbaya. Sheria yetu ya Makosa ya Jinai ina kosa la kupata pesa kwa udanganyifu. Leo baba yako mdogo anaweza kusema hakujua, na ni kweli hakujua. Ukishamwambia akaendelea kuandika majina, atakuwa anajua. Na daftari hilo, lenye majina, namba na alama za vema, litakuwa shahidi wa kwanza.

La pili, na usikasirike. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya 2006. Kuonyesha filamu ya mtu kwa kiingilio bila ruhusa yake ni tatizo, na kuitangaza ukutani miezi mingi mapema ni kujitafutia macho. Fikirieni hilo kama familia, msilifikirie siku mtakapogongewa mlango.

Stendi_ya_Malaba

Sasa afande, ukisema hivyo vibanda vyote nchini vitafungwa. Sisi wa elfu moja tutaangalia wapi? Sinema ya Acacia Mall kule Kampala ni mbali na tiketi ya kule ni pesa ya siku nzima ya boda.

Afande_Mstaafu_Bombo

Sijasema vifungwe. Nimesema mjue mnaposimama.

Mama_Zawadi_Jinja

Wanaume mmeeleza filamu na sheria, lakini mtoto ameuliza atasemaje na mzee wake. Ngoja nimjibu.

Mwanangu, usimwambie ukumbini. Usimwambie akiwa na rafiki zake wa kahawa. Na usimtumie ujumbe wa simu, maana ujumbe hausikiki sauti, ataona unamfokea. Msubiri usiku mkishafunga, mkishahesabu pesa, akiwa amekaa. Muanze na salamu za nyumbani. Halafu usiseme "umedanganywa". Sema, "Baba, kuna watu wametengeneza trela ya uongo na wanaweza kutuharibia jina." Uongo uwe wa waliotengeneza. Yeye na wewe muwe upande mmoja.

Kisha mwonyeshe, usimweleze. Chukua ile filamu ya zamani ya Denzel, cheza kile kipande, halafu cheza trela. Masikio yake yatamaliza kazi. Mtu mzima akigundua mwenyewe, hana wa kumkasirikia.

Na uwe na jibu la pesa kabla hajakuuliza. Akikwambia "basi niwarudishie na nini?", usibaki unaangalia chini.

Mtafsiri_wa_Busia

Asanteni sana, hasa Mama Zawadi. Hilo la kumchezea vipande viwili sikulifikiria, na flashi ninayo. Pesa nadhani bado ipo yote, iko kwenye kopo la ofisini, na waliotuma kwa simu iko kwenye laini yake.

Shabiki, nisaidie tena. Watu wataniuliza "basi tunapata nini?" Nina wateja wanaompenda Shuri na M'Baku kuliko ndugu zao. Na kuna jamaa kila siku anauliza kama yule Mganda mwenzetu, Daniel Kaluuya, aliyeigiza kwenye filamu ya kwanza, atarudi.

Shabiki_wa_Ntinda

Shuri na M'Baku unaweza kuwatangaza bila woga. Machi 26, 2025 Marvel walirusha mubashara majina ya waigizaji wa Avengers: Doomsday, kiti kimoja baada ya kingine kwa zaidi ya saa tano, na kati yao walikuwemo Letitia Wright, Winston Duke anayeigiza M'Baku, na Tenoch Huerta Mejía, yule Namor wa filamu ya pili. Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man, anarudi, ila safari hii anaigiza mhusika mwingine, Doctor Doom. Hilo lieleze vizuri kwenye maikrofoni, maana watu watachanganyikiwa. Hiyo imesharekodiwa, kwa hiyo Desemba 18, 2026 ni tarehe yenye mashiko, ingawa mimi bado nisingechukua hata shilingi mia ya mtu kwa ajili yake.

Kaluuya wazazi wake ni Waganda, yeye alizaliwa London. Filamu ya pili hakuwemo kwa sababu ratiba iligongana na filamu nyingine, Nope ya mwongozaji Jordan Peele. Kwenye ya tatu hakuna aliyetangaza kitu juu yake, kwa hiyo usimwahidi mteja. Ila mwambie huyo jamaa kuna mtu anayemsahau: Florence Kasumba, yule Ayo mwenye mkuki aliyemwambia Black Widow asogee au asogezwe. Amezaliwa hapahapa Kampala, akakulia Ujerumani, na yumo katika filamu zote mbili za Black Panther. Tunamsifia Kaluuya kila siku na huyu dada hatumtaji. Tena picha za Wakanda kutoka angani, baadhi zilipigwa Bwindi na Rwenzori. Hayo yapo tayari, hayasubiri filamu ya tatu.

Mkongo_wa_Nakivale

Ndugu VJ, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale tunacho kibanda na tunatafsiri Kiswahili cha kwetu. Kuna usiku tuliwaachia watu wenyewe wabishane kabla ya filamu: nani anastahili kiti cha Wakanda, Shuri, M'Baku, au yule mtoto wa T'Challa anayeonekana mwishoni kule Haiti? Walikuja wengi kwa ajili ya ubishi tu. Mnaweza kuwageuzia waliolipa: anayetaka arudishiwe, anayetaka abakize elfu moja ya usiku huo.

Na kwa lile la afande, jaribuni watengenezaji wa hapa Uganda. Vijana wa Wakaliga, kule Kampala, wanatengeneza filamu za mapigano na ni watu wa kufikika, unaomba ruhusa kwa mtu unayeweza kumpigia simu. Ukizitafsiri kwa Kiswahili unawaongezea watazamaji wa mpakani.

Mtafsiri_wa_Busia

Nimerudi. Nimeongea naye jana usiku.

Nilifanya kama Mama Zawadi alivyoniambia. Nilicheza kipande cha zamani, halafu trela, halafu akaniambia nirudie. Mara ya pili alisimamisha mwenyewe kwenye mikuki, akainama karibu na skrini. Akauliza nani anafaidika na kitu kama hiki, nikamweleza habari ya chaneli zilizokatiwa pesa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akalivuta daftari.

Amesema leo kabla ya mechi atatangaza yeye, siyo mimi, na nimefurahi kwa hilo. Pesa zinarudi zote. Usiku wa ubishi ameupenda kuliko mimi nilivyotarajia, amechagua Ijumaa, na ameshaanza kumpigia kampeni M'Baku. La Wakaliga amesema nitafute namba zao wiki hii. La ruhusa za filamu za nje hatujalimaliza. Ametaka kwanza aongee na wenye vibanda wengine wa hapa.

Stendi_ya_Malaba

Sawa. Mimi nilituma na binamu yangu hapo Busia, tumelipa kwa simu. Tunarudishiwa na ya kutolea?

Mtafsiri_wa_Busia

Na ya kutolea. Nitumie jina lililoandikwa kwenye daftari.