Naombeni ushauri: kwenda Hombolo kwa baiskeli na kurudi siku hiyohiyo bila kukwama tena

Mwalimu wa Ntyuka

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni. Mimi ni mwalimu, mama wa watoto wawili, nina miaka 39, na nilihamia Dodoma miaka mitatu iliyopita nikitokea Mwanza. Tangu mwaka jana nimekuwa nikikimbia asubuhi kwenye njia za mifugo zinazopanda vilima vya Ntyuka, na mwezi wa nne nikanunua baiskeli ya gia iliyotumika, ambayo imenipa furaha niliyodhani niliiacha utotoni. Nimekulia karibu na ziwa, na hamu yangu ni kutoka nyumbani alfajiri, kupita Ihumwa, kufika bwawa la Hombolo, kukaa kando ya maji walau saa moja, kisha kurudi jioni mapema. Kwa kipimo cha simu yangu ni zaidi ya kilomita 40 kwenda tu.

Nilijaribu Jumamosi moja ya Oktoba nikashindwa vibaya. Niliondoka saa 2 asubuhi, nikiwa na lita moja na nusu ya maji na tyubu moja ya akiba. Baada ya kuiacha lami pale Ihumwa nilimpisha dereva wa lori la mchanga kwa kuingia kwenye majani ya kando ya barabara, na dakika chache baadaye gurudumu la nyuma likalegea, kisha la mbele. Nilipoigeuza baiskeli miguu juu, nilikuta mbigili zimejipanga kwenye tairi. Nikaanza kuzing'oa kwa kucha, na kila niliyoing'oa ilitoa pumzi kidogo, hadi nikafikisha 17 kwenye tairi la nyuma peke yake. Niliweka tyubu mpya nyuma, mbele nikaziba kwa viraka, lakini sikumaliza hata kilomita moja, nyuma kukalegea tena.

Ilipofika saa 5 maji yalikuwa yamekwisha, na simu ilikuwa imejizima kwa joto kwa sababu niliifunga kwenye usukani juani. Mzee mmoja aliyekuwa akiswaga punda wenye madumu ya maji ndiye aliyenipa maji ya kunywa, akamwagiza mjukuu wake anisindikize nikiikokota baiskeli hadi Ihumwa. Mume wangu hakunikataza kurudi, ila ameniomba nisiende tena peke yangu kabla sijajipanga, nami naona ana haki.

Naomba kujua mambo matatu: nifanye nini kuhusu mbigili, nibebe maji kiasi gani, na je, ni busara mwanamke kwenda njia ile akiwa peke yake?

Fundi wa Chang'ombe

Pole sana, Mwalimu. Tatizo lako la mbigili ndilo linalonilisha mimi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu. Mbegu ile imeumbwa hivi kwamba hata ikianguka namna gani, mwiba mmoja unabaki umeelekea juu, na huu mmea unapenda sana kingo za barabara, mahali ambapo udongo umechimbwa na kukanyagwa. Ndiyo maana ulipokuwa katikati ya barabara hukupata shida, ukaipata ulipopisha lori. Siku nyingine ukilazimika kutoka barabarani, shuka, inyanyue baiskeli, na kabla ya kuirudisha zungusha kila gurudumu ulikague.

Sasa nikueleze kwa nini tyubu mpya haikudumu. Nina hakika ndani ya tairi ilibaki ncha ya mwiba iliyokatikia kwenye mpira, ambayo kwa nje huioni na kwa kidole huenda usiihisi. Chukua kipande cha kitambaa laini au pamba, kipitishe taratibu ndani ya tairi mzunguko mzima, kwanza upande mmoja kisha mwingine. Pale kitakaponasa ndipo ulipo mwiba, na unatakiwa utolewe kwa koleo. Wateja wengi wanaruka hatua hii kwa haraka ya kuondoka, halafu wanalaumu tyubu.

Kinga ninayoiamini ni ya zamani: tafuta tairi kuukuu jembamba, ulikate kingo zote mbili zenye waya, ubaki na ule mkanda wa katikati, kisha uuweke kati ya tairi lako na tyubu, na miisho yake uikwangue iwe myembamba ili isisugue tyubu. Baiskeli itakuwa nzito kidogo, utaisikia kwenye mwinuko, lakini mbigili ni fupi na haitafika ndani. Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu na vyuma vya kufungulia tairi. Na gundi ukishaipaka usibandike kiraka papo hapo. Subiri ikauke mpaka isiwe na unyevu wa kung'aa, halafu bandika na kukandamiza kwa nguvu. Kiraka kilichobandikwa kwenye gundi mbichi, ukijaza upepo kinaachia.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimesoma ukisema umetoka saa 2 asubuhi mwezi wa Oktoba na lita moja na nusu, nikashika kichwa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake mkavu unalikausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo mtu anadhani hatoki jasho kumbe anapungukiwa maji kila dakika. Chukua nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa kila saa utakayokuwa juani, na uongeze akiba ya muda wa kukwama. Kwa safari yako mimi nisingekuruhusu uondoke Ihumwa na chini ya lita nne.

Usinywe maji matupu kutwa nzima, kwa sababu jasho linaondoka na chumvi. Katika chupa moja ya lita changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kupigwa usawa. Ukianza kuona kizunguzungu, kichefuchefu au mwili kusisimka kwa baridi ilhali jua linawaka, hapo safari imekwisha: ingia kivulini, jimwagie maji kichwani na shingoni, na uite msaada. Mtu anayeanza kuongea maneno yasiyoeleweka apozwe kwa maji na kukimbizwa hospitali.

Ukifika bwawani tazama maji, usiingie miguu. Maji yaliyotuama huweza kuwa na konokono wanaobeba kichocho, na wewe uliyekulia kando ya ziwa unalijua hilo.

Mpanda Vilima

Dada, mimi hupita njia hiyo mara kadhaa kwa mwaka. Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, mara tu mwanga unapokuwa wa kutosha madereva kukuona kwenye barabara ya Morogoro, ambayo kwangu mimi ni hatari kuliko njia yote ya vumbi. Katika kiangazi upepo wetu hutoka upande wa mashariki na huongezeka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo utakwenda ukiukabili ungali na nguvu na kurudi ukikusukuma. Asikwambie mtu kwamba ungesubiri masika ili kukwepa joto: udongo wa mbuga ukilowa unagandamana kwenye magurudumu mpaka hayazunguki, na makorongo ya mchanga hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo wewe hukuiona.

Kuhusu kwenda peke yako, nitakuwa mkweli: mara ya kwanza usiende peke yako. Sisemi hivyo kwa sababu watu wa njia ile ni wabaya, maana wewe mwenyewe umeona wema wao, bali kwa sababu mtu aliyezidiwa na joto hajitambui kwamba amezidiwa. Mwachie mume wako majina ya vijiji utakavyopita na saa ya kurudi, simu iweke ndani ya begi ikiwa imefungwa kwenye kanga, na ujiwekee mpaka: ikifika saa 4 hujafika bwawani, geuza.

Mwalimu wa Ntyuka

Nawashukuru sana, nanyi nyote mmenisaidia kuliko mnavyodhani. Mwalimu mwenzangu amekubali kwenda nami Jumamosi ya wiki ijayo, na nimeshanunua madumu mawili ya lita mbili. Njiani tutamtafuta yule mzee wa punda, kwa sababu siku ile niliondoka bila hata kumuuliza jina.

Fundi, jana usiku nilifungua tairi la nyuma nikapitisha kipande cha kitenge kama ulivyoelekeza. Kilinasa mara mbili. Ncha ya pili ilikuwa fupi kuliko punje ya mchele, na bila koleo nisingeitoa.