CDMS, JPL, Splatalogue au LAMDA: ipi ya kutambulia mistari ya molekuli?

bandi3mm: Nina spektra ya wingu baridi, GHz 85 hadi 116. Nataka kutambua mistari, kisha kukokotoa idadi ya molekuli kwa sentimita ya mraba. Nianzie wapi?

mawimbi_mafupi: Kutambua, anza na Splatalogue ya NRAO, taasisi ya unajimu wa redio ya Marekani; imekusanya orodha za mistari za CDMS, JPL na nyingine pamoja. Weka kikomo cha nishati ya hali ya juu ya mstari, tuseme K 50, la sivyo utafurikwa na mistari isiyoweza kuwaka kwenye baridi hiyo. Na chagua chanzo kimoja kwa kila molekuli. Iliyomo CDMS na JPL hutokea mara mbili, na modeli itaihesabu mara mbili.

safu_ya_nne: Ukifika kwenye hesabu, fungua faili zenyewe. Namba ya ingizo la CO ni 28001 kule JPL, 28503 kule CDMS ya Köln. Safu zinafuatana hivi: masafa kwa MHz, kosa lake, logi ya ukali kwa K 300, digrii za uhuru, kisha nishati ya hali ya CHINI kwa cm⁻¹. Wengi huidhani ya juu. Mfano CO 2–1 (kushuka kutoka J=2 hadi J=1, J ikiwa namba ya kiwango cha mzunguko wa molekuli), MHz 230538: utakuta 3.845. Zidisha kwa 1.4388, unapata K 5.5, ongeza hν/k, yaani nishati ya mstari wenyewe kwa K, 11.1, nishati ya hali ya juu ni K 16.6.

Hatari kubwa iko kwenye Q, jumla ya hali zote za nishati kwa joto fulani. Kwa molekuli yenye nitrojeni ¹⁴N, orodha moja yaweza kuingiza spini ya kiini, nyingine isiingize. Ukichukua g (idadi ya hali zenye nishati moja) huku na Q kule, jibu linakosea mara tatu. Zote mbili zitoke ingizo lilelile.

bandi3mm: LAMDA je?

mawimbi_mafupi: Hiyo hifadhidata ya Leiden, Uholanzi, ina molekuli chache, haitoshi kutambulia. Faida yake ni viwango vya migongano, na faili huingia moja kwa moja kwenye RADEX, programu ya kukokotoa ukali wa mistari. Gesi ikiwa nyepesi mno hata migongano haiwezi kusawazisha hali za nishati, huna budi kuitumia. Soma vichwa vya faili: baadhi ya viwango vilikokotolewa kwa heliamu, vikazidishwa kukadiria H₂.

kilomita_kwa_sekunde: Kosa la masafa msilipuuze. MHz 0.1 kwenye GHz 100 ni km/s 0.3, sawa na upana wa mstari mzima kwenye wingu baridi. Namba ya molekuli ikiwa na alama ya kutoa, masafa yamepimwa maabara. Isipokuwa nayo, ni utabiri. Utabiri unaovuka mbali J zilizopimwa usiuamini hata kosa likiandikwa dogo. Kwenye makala taja namba ya ingizo na tarehe yake, maana maingizo husahihishwa.