Kipimo cha volti cha kujitengenezea kwa saketi ya taa za Krismasi: naomba ushauri

Mleta mada:
Habari zenu wakuu. Kila Desemba hufunga taa za mapambo barazani na kwenye mwembe wa uani, lakini ikifika jioni umeme huwa mdogo, taa hufifia na adapta yake huanza kuunguruma. Nimenunua Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta inayopangiwa programu), moduli ya ZMPT101B ya kupima volti na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), nikikusudia kuizima saketi hiyo volti zikishuka chini ya 200. Je, mpango huu ni salama, na namba nitakazosoma zitaaminika?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, moduli hiyo ina transfoma ndogo inayotenganisha umeme wa nyumba na Arduino, kwa hiyo umechagua vizuri. Hata hivyo, upande wa kuingizia una volti 230 zile zile: weka fyuzi kwenye waya wa laivu na ufungie kila kitu ndani ya boksi la plastiki.

Mchangiaji wa pili:
Tatizo la usahihi huanzia kwenye skrubu ya ile potenshomita ya bluu, yaani kirekebishi cha ukubwa wa ishara inayotoka kwenye moduli. Chipu ya LM358 inayokuza ishara kwenye moduli, hata ikilishwa volti 5, haitoi zaidi ya takribani volti 3.5, hivyo ukiikaza skrubu hiyo mno vilele vya wimbi hukatwa na kipimo husoma pungufu bila kukuonya. Chukua sampuli kwa milisekunde 200, yaani mizunguko 10 kamili ya umeme wetu wa hezi 50, ondoa thamani ya katikati kwenye kila sampuli, tafuta wastani wa vipeo vya pili, kisha kipeuo cha pili cha wastani huo, na ulinganishe jibu na malti mita. Rilei ikikata kwenye volti 200, irudishe umeme zikifika 210, la sivyo itakuwa ikiwasha na kuzima usiku kucha.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi ningehofia zaidi volti kupanda. Nyutro ya mtaani (waya wa kurudishia umeme) ikilegea, nyumba za fezi moja, yaani laini mojawapo kati ya tatu za umeme wa mtaani, hupata umeme mdogo huku za fezi nyingine zikiunguza vifaa. Kwa hiyo programu ikate pia juu ya 255.

Mleta mada:
Nashukuru. Nikifunge wapi?

Mchangiaji wa tatu:
Anzia kwenye soketi ya taa, kisha mwite fundi akusaidie kupima kwenye mein swichi saa ile ile. Soketi ikisoma 205 na mein swichi 228, kasoro iko kwenye nyaya za nyumba yako. Zote mbili zikisoma 205, toa taarifa kwa shirika la umeme.