MREJESHO: Spika za kabati la gemu

Wakuu, nimerudi na majibu. Niliuliza nifunge spika gani kwenye kabati la gemu la sebuleni (mashine ya kuchezea gemu yenye skrini yake) linaloendeshwa na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4: za kompyuta au za gari?

Nimefuata walioniambia za gari, inchi 4, ohm 4, na bodi ya amplifaya yenye chipu ya TPA3116 kwa volti 12. Nimezifunga juu ya skrini zikimtazama mchezaji. Sauti safi, na volyumu haijavuka nusu (majirani wapo!).

Kilichonitesa ni mvumo. Pi na amplifaya zikila umeme wa adapta moja, kila picha ikibadilika spika zinakoroma. Mkuu uliyesema nitenganishe adapta, ubarikiwe, mvumo uliisha karibu wote. Ukabaki mchakacho kidogo. Nikaachana na tundu la hedifoni, nikachomeka kadi ya sauti ya USB. Kimya.

Besi ndiyo bado. Ule ushauri wa kutumia kabati lenyewe kama boksi la spika kwangu umegoma: bomu likilipuka, mlango wa nyuma unatetema. Nimebandika sponji kwenye kingo, afadhali kidogo tu. Sabufa itasubiri mfuko ukae sawa. Asanteni sana.