Tupeane uzoefu: uliwahi kwenda kongamano la teknolojia ya elimu ukiwa mwanafunzi?

Binti Kihesa (mwenye uzi)

Kamwene wakuu.

Nasoma ualimu hapa Iringa, mwaka wa tatu, fizikia na hisabati. Juzi nimerudi kutoka Dar kwenye kongamano la teknolojia ya elimu, la kwanza maishani mwangu, na kichwa bado hakijatulia. Naanza na ya kwangu, nyie mliotangulia mtupie ya kwenu. Najua humu wamo watu wa Mbeya, Njombe na Songwe waliokwishapita njia hii.

Yote yalianzia BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni. Nilipangiwa shule ya kata huko Kilolo. Umeme wa kusuasua, mtandao ukiutaka unapanda kilima nyuma ya choo cha walimu. Ila ofisini kulikuwa na vishikwambi, vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha wakagawiwa walimu. Vingine vilikuwa vimelala kabatini. Mimi na mwenzangu tukaazima kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ile inayoenea kiganjani, tukaweka Kolibri ndani. Kwa asiyeijua, Kolibri ni programu ya bure. Masomo, video na mazoezi unavipakua mara moja ukiwa mjini, halafu kale kakompyuta kanarusha waifai yake kenyewe darasani. Vishikwambi vinajiunga na wanafunzi wanasoma, bila bando wala intaneti. Kalikuwa kanakunywa umeme wa pawabenki, kipindi na kipindi.

Tukaandika ikisiri, yaani muhtasari wa kazi yetu, tukautuma kwa waandaaji wa kongamano, ukakubaliwa uwasilishwe kama bango. Mwenzangu alikosa nauli, nikaenda peke yangu.

Bango tulichapisha kwenye turubai. Nilihofia kulikunja, fundi bomba wa mtaani akanipa kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, nikaliviringisha humo. Pale Igumbilo konda akanisimamisha: "Dada, mabomba yanalipiwa mzigo." Nikamwambia hili si bomba, ni elimu. Akasema basi elimu ikae kwenye buti. Nilikataa. Nililipakata Kitonga nzima, Mikumi, mpaka Mbezi, kilomita karibu 500, na pale Ruaha Mbuyuni muuza vitunguu mmoja alinipigia kelele dirishani akiuliza mita moja nauzaje.

Ukumbini nilijiona mdogo. Kiyoyozi kilikuwa kikali kuliko Mafinga ya Julai, sweta nililoaibika kushuka nalo Dar ndilo lililoniokoa. Kila banda akili mnemba, akili mnemba. Jamaa mmoja alinivisha miwani nikaona moyo wa binadamu unaelea hewani unadunda. Mzuri kweli. Nikawaza nani atawavisha wale 64 wa kidato cha pili, kwa zamu gani.

Bango langu liliwekwa kwenye ushoroba. Watu walipita wengi sana, baadaye nikagundua ndiyo njia ya maliwatoni. Saa nzima nikitabasamu tu. Kisha akaja mama mmoja wa makamo, mwalimu kutoka Kenya. Alisoma bango lote, polepole, kwa kidole. Mimi nimejiandaa aniulize alama zilipanda kiasi gani, betri ilidumu saa ngapi, maana majedwali yote nilikuwa nayo. Akasema: "Hapa umeandika wanafunzi wanane kwa kishikwambi kimoja. Aliyekuwa anakishika ni nani?"

Sikuwa na jibu. Wiki nane nilikaa darasa lile.

Akanipiga begani, akasema ukirudi angalia mikono. Hayo tu, akaenda zake kwenye chai.

Jumatatu nilipanda gari la Kilolo. Nikawauliza. Makundi manane, na katika saba aliyeshika alikuwa yule yule kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Binti mmoja, kati ya waliokuwa wanaongoza kwenye mazoezi ya daftari, aliniambia, "Madam, mimi sijawahi kukigusa." Video zenyewe za Kiingereza, na anayeshika ndiye anayesimamisha na kurudisha nyuma. Akielewa yeye, kundi zima limeelewa.

Haya, zamu yenu.

Mlimanyoka

Dada umeandika, heshima yako. Swali dogo tu: posho ilikuwa shilingi ngapi?

Binti Kihesa

Kaka posho ilikuwa chai na sambusa mbili. Ya tatu nilificha kwenye leso.

Fundi wa Iyunga

Yangu fupi na ya aibu. Mbeya hapa hapa, kongamano la siku moja kwenye ukumbi wa chuo kimoja, na mimi nilikuwa kwenye ratiba ya kuwasilisha, dakika 10. Nilitengeneza slaidi 34. Ndiyo, 34, na herufi zinaingia moja moja zikizunguka. Nafika mbele, waya wa projekta hauingii kwenye mpakato wangu. Nikahamishia kwenye flashi, mashine ya ukumbini ikafungua fonti zote zimegeuka vimraba. Mwenyekiti wa kikao ananionyesha kikaratasi: zimebaki dakika 6.

Kulikuwa na ubao na chaki pembeni. Nikachora mfumo wangu kwa mkono: mwanafunzi huku, seva huku, mshale. Nilipomaliza niliulizwa maswali mengi kuliko wote siku ile, maana walielewa. Tangu hapo nabeba PDF, tena nakala mbili, na waya wangu. Slaidi hazizidi 7.

Mzee wa Mwanjelwa

Vijana, mnanikumbusha mbali.

Mei 2011 mkutano wa eLearning Africa ulifanyika Dar es Salaam. Nilikuwa mwanafunzi mtu mzima, nimerudi shule nikiwa na watoto wawili. Nilishuka kwa treni ya TAZARA kutoka Mbeya, tukakata lile pori la Selous wakati huo, twiga wanatuangalia, na nimevaa suti tangu stesheni kwa sababu nilidhani ikikaa kwenye begi itakunjamana. Nilifika Dar imekunjamana na mimi nimo ndani yake.

Neno la wakati ule lilikuwa mkongo, zile nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulikuwa umefika pwani yetu 2009, wa EASSy mwaka uliofuata, na kila banda likiuza mkongo kama leo mnavyouziwa akili mnemba. Niliondoka nikiamini tatizo la intaneti limezikwa. Nikarudi Mbeya, kwenye chumba cha kompyuta tunapanga foleni, ukurasa mmoja unafunguka umeshapiga miayo mitatu.

Lakini niliondoka na jambo moja la maana. Kulikuwa na warsha ya Moodle, nikaikalia kiti cha mbele. Sikuwa najua kwamba mfumo kama ule wa kufundishia unaweza kuupata bure na kuufungua ndani kama injini, ukarekebisha. Leo hii ndiyo kazi inayonilisha. Mkutano huo ulirudi tena Dar Mei 2025, akaenda binti yangu. Nilimuuliza wanaongea nini siku hizi. Akanijibu, "Baba, intaneti ya vijijini." Nilicheka hadi mama yake akatoka jikoni.

Ndizi Mshale

Shikamoo mzee wa Mwanjelwa. Hiyo suti bado ipo?

Mzee wa Mwanjelwa

Marahaba. Ipo, ila mimi ndiye sipo tena ndani ya kipimo chake.

Mtoto wa Vwawa

Naomba niongee upande wa giza, maana wanafunzi wanaumia kimyakimya.

Mwaka wa pili nilipata barua pepe. "Ndugu mtafiti mashuhuri." Mimi, mtafiti mashuhuri, ambaye kazi yangu kubwa ilikuwa ripoti ya mafunzo kwa vitendo yenye kurasa 18. Wananialika kongamano la elimu na teknolojia Toronto, tiketi na chakula juu yao, mimi nitume tu ada ya kuthibitisha chumba cha hoteli. Boom, ile hela ya mkopo ya kujikimu chuoni, lilikuwa limetoka siku nne nyuma. Nilituma laki mbili na nusu. Baada ya kutuma ndipo akili ikanijia niwaandikie hoteli wenyewe. Wakajibu kwa adabu sana kwamba hawana kongamano lolote tarehe hizo.

Semista ile nilikula wali maharage mchana, na maharage yaliyobaki usiku.

Nikiangalia nyuma, dalili zilikuwa wazi. Sikuwahi kutuma ikisiri yoyote, walikubali nini? Barua ilitoka kwenye anwani ya bure ambayo hata mimi naweza kufungua leo. Na haraka: lipa ndani ya saa 48. Siku hizi mdogo wangu akinionyesha mwaliko namuuliza kitu kimoja, ni mwalimu gani wa idara yako aliyewahi kwenda huko? Kama hakuna, tunatulia kwanza.

Fundi wa Iyunga

Pole sana ndugu yangu. Nilipata barua hiyo hiyo, "mtafiti mashuhuri". Kilichoniponya ni kwamba sikuwa na hata mia.

Dada wa Tukuyu

Mimi sijawahi kukanyaga ukumbi, nilihudhuria nikiwa shambani. 2020, shule na vyuo vilipofungwa Machi, nilirudi nyumbani. Kukawa na kongamano la mtandaoni, usajili bure. Mtandao unashika sehemu moja tu, chini ya mparachichi, ukisogea hatua mbili umepotea. Mvua ya Rungwe mnaijua. Nilikaa na mwavuli mkono mmoja, simu mkono mwingine, nasikiliza profesa akieleza kujifunza popote ulipo. Bando likakata kwenye kipindi cha maswali. Sijui hadi leo walijibu nini.

Jirani wa Makambako

Swali kwa wote: nauli na ada mlipata wapi? Nina ikisiri imekubaliwa na mfuko umetoboka.

Mzee wa Mwanjelwa

Mwanangu, waandikie waandaaji mapema, waeleze kwa sentensi tatu kwamba wewe ni mwanafunzi na kazi yako imekubaliwa, uombe usamehewe ada. Mikutano mingi ina bei ya wanafunzi, na wengine huwa na nafasi chache za kufadhili, lakini huzitoa kwa aliyeomba wa kwanza, si kwa mwenye shida zaidi. Au jitolee kusajili wageni mlangoni. Binti yangu aliwahi kuingia hivyo sehemu moja, akajuana na watu wengi kuliko waliolipa, maana kila mtu lazima ampitie yeye kuchukua beji.

Binti Kihesa

Nauli yangu nilichangiwa na wanakikundi wa mama, wale wa kuweka na kukopa. Nimetakiwa nikasimulie Jumapili ijayo, na nimeambiwa nije na hilo bango.

Halafu mliouliza pembeni darasa linaendeleaje: mwalimu wa fizikia pale shuleni amekubali tujaribu utaratibu mpya. Kishikwambi kinahama mkono kila baada ya dakika 5, na aliyekishika haruhusiwi kuamua, anafuata maelekezo ya wenzake saba. Siku ya kwanza zilikuwa kelele tupu. Siku ya pili yule binti aliirudisha video nyuma mara nne kwenye mada ya msuguano, wavulana wakalalamika, hakuwajali.

Mlimanyoka

Na bomba?

Binti Kihesa

Mama amelikata. Linakinga maji ya mvua kwenye bati.