Kundi la Ukoo: wanyama wa chuma wa Borrego

Rehema San Diego: Shikamooni wakubwa wote, wadogo mambo. Jana tulienda Borrego Springs na baba Ima na watoto kuona sanamu za wanyama wa chuma, ni jangwani huko California kama masaa mawili kwa gari toka huku kwetu. Picha nimeweka hapo juu. Mjomba Hamisi naomba uziangalie kabla bando halijakata maana nimezipiga kwa ajili yako

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Hilo joka mbona lipo pande zote mbili za barabara??

Rehema San Diego: Ndio mama mkubwa, kichwa upande huu mkia upande ule, yaani ni kama limezama mchangani likapita chini ya lami likaibukia ng'ambo, na magari yanapita katikati kama kawaida. Urefu futi 350, karibu mita 107. Kichwa cha dragoni halafu mkiani ana njuga kama wale nyoka wa jangwani huku

Mjomba Hamisi Fundi: Nimezipakua zote. Hiyo ni kazi ya mkono kabisa, naona alama za nyundo kwenye ngozi ya tembo. Nani kachomelea?

Rehema San Diego: Anaitwa Ricardo Breceda mjomba, kwao ni Durango kule Mexico, sanaa hajasomea popote. Alikuwa kwenye ujenzi akaanguka akaumia mgongo ikabidi aache, akaingia kuuza mabuti yale ya kikauboi, ndio akabadilishana buti na mtu akapewa mashine ya weldingi. Bintiye akamwomba amtengenezee dainosari, naye akaitengeneza kubwa kweli, kuanzia hapo hakurudi nyuma

Juma Nairobi: buti kwa mashine ya weldingi 🙌🏾 sasa nani alilipia yote hayo?

Rehema San Diego: Mwenye ardhi, Dennis Avery, tajiri mmoja aliyekuwa na maeneo makubwa pale. Wataalamu walishachimbua mifupa ya wanyama walioishi hapo hapo mamilioni ya miaka iliyopita, ngamia, farasi, kobe wakubwa, na jamii ya tembo wanaoitwa gomfotheri. Akataka warudi wasimame kwenye ardhi yao. Walianza na hao gomfotheri 2008. Avery alifariki 2012 lakini sanamu zipo, zaidi ya 130, na hamna geti, hamna tiketi, hamna askari, unaacha gari pembeni unatembea unashika unapiga picha. Mimi hilo ndio limenigusa sana, kazi kubwa hivyo na mtoto wa yeyote anaigusa bure

Shangazi Asha: Mashallah. Na jua watoto mliwaficha wapi?

Rehema San Diego: Huu msimu kuna ubaridi shangazi. Kiangazi inapita nyuzi 40 na chuma hakishikiki, kivuli hamna kabisa, maji lazima mbebe ya kutosha

Mjomba Hamisi Fundi: Sasa nisikilizeni. Huyu bwana ametumia bati jembamba, huwezi kupata mikunjo ile kwa pleti nene. Na bati jembamba ukivuta moto mfululizo linapinda lote, unashika nukta hapa unahamia kule unaacha lipoe unarudi, ndio maana magamba yake yametulia vile. Ile rangi nyekundu ya udongo ni kutu na ameiacha makusudi inapendeza, kule hewa kavu kutu inakula polepole. Hapa Tanga upepo wa bahari una chumvi, tembo huyo bila redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, misimu michache tu masikio yanatoboka

Rehema San Diego: Mjomba yaani nilisimama mbele ya yule tembo nikawa naona mageti yako, yale ya tausi. Mkono ni ule ule. Nasema kweli, pale hamna kitu ambacho wewe huwezi

Mama Mkubwa: Hamisi tausi wa geti la msikiti wa kule juu mpaka leo watu wanasimama kumtazama

Mjomba Hamisi Fundi: Wateja wengi siku hizi wanataka mistari tu, ukiongeza ua wanasema punguza bei

Juma Nairobi: Basi usiwangoje wateja. Huku Kenya Kioko Mwitiki ametengeneza tembo na faru kwa vyuma chakavu miaka na miaka na watu wa nje wananunua. Breceda mwenyewe anauza pia sindio Rehema?

Rehema San Diego: Anauza, ana galari yake Aguanga kando ya barabara ya 79, tulipitia tukirudi. Ni uwanja wa wazi, wanyama wadogo kwa wakubwa wamepangwa nje, mtu anachagua

Mjomba Hamisi Fundi: Mkienda tena nipigie picha kwa nyuma, pale sikio linaposhikana na kichwa. Na zile sanamu za nge na panzi wanaotazamana, nataka kuona magoti ya panzi kwa karibu, uzito wote upo pale

Rehema San Diego: Nitapiga zote mjomba, na video

Juma Nairobi: mjomba nikija mwisho wa mwezi tupitie kwa wale wa skrepa pamoja, nalipia mimi

Mjomba Hamisi Fundi: Njoo. Tutafute nondo za milimita 12 na mabati ya mapipa, tunaanza na kobe