Mrejesho: Waridi kunyauka kabla picha ya rangi za mafuta haijakamilika

Ndugu wachoraji, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuchora waridi kando ya birika la shaba la mtumba, ilhali ua hunyauka kabla picha haijakamilika. Nilifuata ushauri wa kulimaliza waridi kwa mkao mmoja, rangi ikiwa bado mbichi, na kuliachia birika siku zilizofuata. Umefaa sana: kingo za petali zimebaki laini, na ule wekundu ulioakisiwa kwenye tumbo la birika, karibu na mbonyeo wake wa zamani, ndio ninaoupenda kuliko kitu kingine chochote pichani.

Kilichofanikiwa nusu ni mandharinyuma ya kahawia iliyokoza, ambayo mafuta yake yalinyonywa na tabaka la chini, ikafifia mabaka mabaka. Kama mlivyoelekeza, nilisubiri ikauke, nikapaka mafuta ya mbegu za kitani kwa wembamba mno, kisha nikafuta yaliyozidi. Mabaka mengi yametoweka, ila lile la kona ya kushoto limerudi. Nitalirudia kabla ya kupaka vanishi, ambayo itasubiri miezi 6 au zaidi, hadi rangi ikauke barabara.